Upasuaji wa Tezi za Parathairoidi: Mambo Ambayo Mgonjwa na Jamaa Zake Wanapaswa Kujua

Maelezo ya mazungumzo ya afya ya umma kwa wakazi wa Kitale na Bungoma



Watu wengi wanaoishi kwenye miteremko ya Mlima Elgon wanalijua rovu, ule uvimbe wa shingo unaotokana na tezi ya thairoidi. Mazungumzo ya leo yanahusu tezi nyingine ambazo ni jirani zake. Zinaitwa parathairoidi. Kwa kawaida huwa nne, kila moja ukubwa wa punje ya mchele au zaidi kidogo, nazo hukaa nyuma ya thairoidi. Hata zikiugua, ni nadra sana kuonekana au kushikika shingoni. Chumvi yenye madini ya joto, ambayo husaidia kuzuia rovu, haiwezi kuzitibu.

Kazi yake ni moja: kulinda kiwango cha kalsiamu kwenye damu. Takriban asilimia 99 ya kalsiamu ya mwili imewekwa kwenye mifupa na meno. Kalsiamu ya damu ikipungua, tezi hizi hutoa homoni inayoiambia mifupa itoe kidogo, figo zisipoteze nyingi, na utumbo ufyonze zaidi kutoka kwa chakula. Kiwango kikitosha, tezi hupumzika.

Ugonjwa huanza pale tezi moja inapokataa kupumzika. Kwa wagonjwa wengi, takriban 8 kati ya 10, tezi moja tu huwa imeota uvimbe mdogo usio saratani. Saratani ya tezi hizi ipo, lakini ni chini ya mgonjwa 1 kati ya 100. Tezi hiyo hutoa homoni mchana na usiku, mifupa hunyonywa, na figo hujaa kalsiamu ambayo hazikuiomba.

Dalili zinazodanganya

Ugonjwa huu huwapata zaidi wanawake, hasa waliopita miaka 50. Dalili zake hufanana na za maradhi mengine, ndiyo maana wengi huzunguka nao kwa miaka. Mgonjwa huchoka bila kazi. Mifupa na viungo humuuma, naye huambiwa ni baridi yabisi au uzee. Husikia kiu, hukojoa mara kwa mara, na kupimwa sukari ambayo haipo. Choo huwa kigumu. Husahau, hukosa usingizi, huwa na huzuni, na wakati mwingine majirani huanza kunong'ona kwamba amerogwa. Wengine hupata mawe ya figo. Yakiondolewa, mengine huja, na lawama huangukia maji ya kisima.

Mfano ni mkulima wa mahindi mwenye umri wa miaka 55, aliyetibiwa mawe ya figo mara mbili na kuvunjika kifundo cha mkono kwa kujikwaa tu shambani. Matukio hayo matatu yakiandikwa kwenye vitabu vitatu tofauti vya hospitali, hakuna atakayeona uhusiano. Yakiwekwa pamoja, swali moja hujitokeza: je, kalsiamu yake imepimwa?

Hapa kuna hatari ambayo kila familia inapaswa kuijua. Mtu mwenye maumivu ya mifupa huweza kwenda duka la dawa na kununua tembe za kalsiamu. Ikiwa kalsiamu ya damu tayari iko juu, tembe hizo huongeza madhara. Apimwe kwanza. Kwa upande mwingine, kuacha maziwa au mursik hakuponyi ugonjwa huu, kwa sababu kalsiamu iliyozidi inatoka kwenye mifupa yake mwenyewe.

Vipimo

Kipimo cha kwanza ni cha damu, cha kalsiamu. Kwa mtu mzima kiwango cha kawaida ni takriban milimoli 2.1 hadi 2.6 kwa lita, ingawa kila maabara huwa na mipaka yake. Kikiwa juu, hurudiwa. Kisha hupimwa homoni ya parathairoidi. Kwa mtu mzima wa afya, kalsiamu ikipanda homoni hushuka. Vyote viwili vikiwa juu pamoja, tezi ndizo zenye shida. Daktari pia huangalia figo, vitamini D na uimara wa mifupa.

Mgonjwa abebe dawa zote anazotumia. Baadhi ya dawa za presha zinazoongeza mkojo, na dawa ya lithiamu inayotumiwa kwa magonjwa ya akili, zinaweza kupandisha kalsiamu. Asiziache mwenyewe, daktari ndiye wa kuamua.

Wagonjwa wa figo wanaosafishwa damu kwa mashine hupata aina nyingine ya ugonjwa huu. Kwao tezi zote huchochewa na figo zilizoshindwa kazi. Matibabu huanza na dawa na chakula, na upasuaji hufuata pale hayo yakishindwa.

Nani anahitaji upasuaji?

Kwa ugonjwa unaoanzia kwenye tezi zenyewe, upasuaji ndiyo tiba inayoondoa chanzo. Hushauriwa kwa mwenye dalili, mawe ya figo, mifupa dhaifu au iliyovunjika, figo zilizopungua nguvu, kalsiamu iliyopanda sana, au umri chini ya miaka 50. Asiye na hayo anaweza kufuatiliwa kwa kupimwa kila mwaka.

Gharama ya kuchelewa ilionekana zamani. Upasuaji wa kwanza wa aina hii ulifanywa na Felix Mandl mjini Vienna mwaka 1925. Huko Marekani, nahodha wa meli aitwaye Charles Martell alifupika kwa zaidi ya sentimita 15 kwa sababu mifupa yake ilikuwa inalegea. Alipasuliwa mara saba. Tezi mbovu ilipatikana mara ya saba, mwaka 1932, ikiwa imejificha kifuani. Ilikuwa imechelewa, wiki chache baadaye alifariki kutokana na madhara ya mawe ya figo.

Leo picha ya altrasaundi na picha ya nyuklia huonyesha mara nyingi tezi iliko kabla ya kisu kugusa ngozi. Picha hizo humwongoza daktari mpasuaji. Ugonjwa wenyewe huthibitishwa na damu.

Siku ya upasuaji

Mgonjwa hufunga kula, hupewa nusukaputi, na hasikii maumivu. Daktari hukata sehemu ndogo chini ya shingo, mara nyingi sentimita 3 hadi 5, na kuondoa tezi iliyougua. Zilizobaki hutosha kwa kazi. Wengi hulala hospitalini usiku mmoja au kurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Mikononi mwa mpasuaji mzoefu, zaidi ya wagonjwa 95 kati ya 100 hupona.

Hatari zipo na mgonjwa ana haki ya kuelezwa kabla ya kutia sahihi. Neva ya sauti ikiguswa, sauti huweza kukwaruza, mara nyingi kwa muda. Kalsiamu inaweza kushuka kwa siku kadhaa. Kwa hiyo, mgonjwa akisikia ganzi au kuchomachoma midomoni na vidoleni, au misuli ikikaza, atumie kalsiamu aliyoandikiwa na arudi hospitalini mapema. Shingo ikivimba ghafla au pumzi ikiwa nzito, ni dharura, asisubiri asubuhi. Kalsiamu hupimwa tena, na ikiwa ya kawaida baada ya miezi 6, mgonjwa huhesabiwa kuwa amepona.

Njia ya kufuata

Safari huanzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Kutoka hapo mgonjwa huelekezwa Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Wamalwa Kijana mjini Kitale, au Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Bungoma. Anayehitaji huduma zaidi hupewa barua ya rufaa kwenda Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, Eldoret, takriban kilomita 70 kutoka Kitale. Mgonjwa aulize mapema ni wapi kipimo cha homoni kinafanywa, na ni mpasuaji yupi mwenye uzoefu wa tezi hizi.

Kuhusu malipo, kila kaya ijisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, kwa kupiga *147#. Mchango ni asilimia 2.75 ya mapato, na usiopungua shilingi 300 kwa mwezi. Kabla ya kuuza ng'ombe au kuitisha harambee, familia iende kwenye dawati la SHA hospitalini, iulize nini kinalipiwa na nini kitabaki.

Ndugu wananchi, mwenye mawe ya figo yanayorudi, mfupa uliovunjika kwa kishindo kidogo, au uchovu na maumivu ya mifupa yasiyoisha, amwombe mhudumu wa afya ampime kalsiamu. Na anayetapika, aliyekaukiwa maji na kuchanganyikiwa akiwa na ugonjwa huu apelekwe hospitalini mara moja. Mifupa inayonyonywa haipigi kelele mpaka ivunjike, na figo zilizoharibika si rahisi kurudishwa.