Barua Pepe za Utapeli na Intaneti Inayosuasua

Utapeli wa barua pepe ni ujumbe unaotumwa ili mpokeaji atoe fedha, nywila au taarifa zake akidhani anashughulika na mtu au ofisi anayoifahamu. Moshi ni mji ambao matapeli wa aina hii wana la kutafuta. Biashara ya kupandisha watalii Mlima Kilimanjaro huendeshwa kwa barua pepe. Mgeni aliye Ujerumani au Marekani huweka nafasi miezi kadhaa kabla ya safari, hutumiwa ankara, kisha hulipa amana benki kabla hajaonana na mwenye kampuni. Hoteli, wauzaji wa kahawa, vyuo na hospitali nao hupokea ankara kwa njia hiyohiyo. Fedha zinapohama kati ya watu wasioonana, tapeli hujipenyeza katikati.

Hila yenye hasara kubwa ni ya kubadili akaunti ya malipo. Huanza na mfanyakazi kupokea linki inayofungua ukurasa uliotengenezwa kufanana na ule wa kuingilia barua pepe. Akiandika nywila yake pale, imekwenda. Tapeli akishaingia hafanyi fujo. Husoma barua kimya kimya, hujua nani anadaiwa kiasi gani na lini, na huweka mpangilio wa kujipelekea nakala za barua zinazoingia. Siku ya kulipa inapokaribia, humwandikia mteja kwa lugha ileile na nembo ileile, akidai akaunti ya zamani inakaguliwa na malipo yaende kwenye akaunti mpya. Mteja hulipa kwa moyo safi. Kampuni hugundua wizi pale inapouliza mbona amana haijaingia.

Hila nyingine huvaa joho la serikali. Barua hudai kodi, faini au ada ya hifadhi, na kutaka fedha zitumwe kwenye namba ya simu ya mtu binafsi. Malipo ya serikali nchini Tanzania, zikiwemo ada za hifadhi za taifa, hutolewa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo inayozalishwa na mfumo wa serikali. Dai lisilo na namba hiyo lichunguzwe kwanza. Vijana nao hulengwa kwa ahadi za kazi au za ufadhili wa masomo nje ya nchi, na ahadi hizo hufuatwa na ombi la ada ya fomu au ya viza.

Dalili za kuangalia ni nne. Ya kwanza ni anwani ya mtumaji, isomwe herufi kwa herufi. Herufi r na n zikikaa pamoja huonekana kama m, hivyo jina Kilimanjaro likiandikwa kwa r na n mahali pa m humpita msomaji mwenye haraka. Ya pili ni kuharakishwa: kulipa leo, la sivyo nafasi imepotea. Ya tatu ni kutakiwa kuficha jambo, au kutopiga simu. Ya nne ni kiambatisho ambacho hakikutarajiwa. Makosa ya lugha si kipimo cha kutegemea tena, kwa sababu programu za akili mnemba humwandikia tapeli Kiswahili au Kiingereza kisicho na dosari.

Kinga kuu ni kuthibitisha kwa njia nyingine. Ombi la kubadili akaunti lililokuja kwa barua pepe huthibitishwa kwa simu, na namba inayopigwa ni ile iliyokuwapo tangu awali, si ile iliyoandikwa ndani ya barua hiyo. Kampuni ya utalii hujikinga zaidi ikimweleza mgeni tangu mkataba wa kwanza kwamba akaunti yake haitabadilishwa kwa barua pepe. Sanduku la barua pepe liwe na nywila isiyotumika kwingine, pamoja na uthibitishaji wa hatua mbili. Mipangilio ya kupeleka nakala ikaguliwe mara kwa mara, kwa kuwa mwizi anaweza kuendelea kupata barua kwa njia hiyo hata baada ya nywila kubadilishwa.

Aliyekwisha kutapeliwa aanze na benki, kwa kuwa fedha huweza kuzuiwa kabla hazijahamishwa tena. Kisha nywila ibadilishwe kwa kutumia kifaa kingine, vifaa vyote vilivyounganishwa na akaunti viondolewe, na barua za tapeli zihifadhiwe kama ushahidi. Utapeli huu ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na huripotiwa polisi. Namba ya simu iliyotumika kutapeli hutumwa kwa ujumbe mfupi kwenda 15040 ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA.

Intaneti inayosuasua huongeza hatari hii. Mwenye intaneti hiyo au bando dogo huzima masasisho ya simu na kompyuta ili yasimpunguzie kasi au kummalizia data, na mianya ambayo masasisho yangeiziba hubaki wazi. Kwa upande mwingine, kifaa kilichoingiliwa na programu ya kihalifu huweza kutuma maelfu ya barua bila mwenyewe kujua, na kuilemea intaneti ya nyumba nzima. Kasi inaposhuka ghafla bila sababu, vifaa vyote vya nyumbani vikaguliwe.

Sababu nyingine za kusuasua hupatikana kwa kuifuata njia ya data kutoka mbali hadi sebuleni. Nyaya za Seacom na EASSy, zilizotia nanga Dar es Salaam mwaka 2009 na 2010, huiunganisha Tanzania na dunia kupitia chini ya bahari, na Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano husambaza data mikoani. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya hizo mbili zilikatika kwa pamoja upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikadorora Tanzania na nchi jirani. Hitilafu ya aina hiyo haitibiki kwa kuzima na kuwasha ruta.

Kutoka mkongo hadi nyumbani, data hupita kwenye faiba au hewani kupitia mnara. Hewani, kinachohesabika ni mnara kuonekana bila kizuizi. Mwezi Agosti 2022 shirika la mawasiliano la TTCL lilifikisha intaneti ya kasi Horombo, kwenye Mlima Kilimanjaro, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari, kwa kufunga mitambo hukohuko mlimani. Nyumba iliyo bondeni Kibosho au Old Moshi, chini sana ya hapo, inaweza kukosa mawimbi kwa sababu ya tuta la ardhi, miti mirefu au migomba minene yenye maji mengi. Ruta ya laini ya simu ikihamishiwa dirisha linaloelekea mnara, kasi huweza kupanda sana.

Ndani ya nyumba, waifai hudhoofishwa na kuta za tofali, mabati na umbali. Ruta ikae katikati ya nyumba, juu, mahali pa wazi. Masafa ya gigahezi 5 yana kasi zaidi lakini hupenya kuta kwa shida; yale ya gigahezi 2.4 hufika mbali zaidi lakini hushindaniwa na majirani. Nywila iliyokuja na ruta kutoka kiwandani ibadilishwe.

Kabla ya kumlaumu mtoa huduma, kasi ipimwe kwa waya uliochomekwa kwenye ruta, kisha kwa waifai. Waya ukiwa na kasi nzuri, tatizo limo ndani ya nyumba. Kasi huuzwa kwa megabiti, na baiti moja ni biti 8. Kwa hiyo megabiti 20 kwa sekunde hupakua megabaiti 2 na nusu tu kwa sekunde. Vipimo vichukuliwe asubuhi, mchana na usiku kwa siku kadhaa, vikiandikwa pamoja na tarehe na saa. Kasi ikiporomoka jioni pekee, yamkini wateja wa eneo hilo ni wengi kuliko uwezo uliopo. Malalamiko yenye rekodi hiyo hupelekwa kwa mtoa huduma, na yasipotatuliwa hupelekwa TCRA, ambayo ofisi yake ya Kanda ya Kaskazini ipo Arusha.