Tujue Stadi za Fundi Kabla ya Kumkabidhi Ghala

(Mazungumzo kwa wajumbe wa bodi na makatibu wa vyama vya msingi)



Chama kinapoamua kujenga ghala, mkutano huzungumzia saruji, bati na nondo kwa kirefu, na bei zake hukaguliwa hadi senti ya mwisho. Likifika suala la fundi, husemwa tu kwamba yupo mmoja aliyeijenga nyumba ya mwalimu. Ndugu zangu, hilo halitoshi. Penye utaratibu wa stakabadhi ghalani, uliowekewa sheria mwaka 2005, mazao hukaa ghalani yakingoja mnada. Ukuta ukipasuka, kinacholowa ni jasho la wanachama wote.

Neno "fundi" ni pana mno. Hata mwashi mmoja, ujuzi wake una vipande vingi: kusoma ramani, kupima msingi, kuchanganya zege, kusimamisha ukuta kwa timazi na pima maji, kumwaga linta. Aweza kuwa hodari wa vitatu na mgeni wa viwili. Kuvibainisha vipande hivyo kimoja kimoja ndiko kuchora ramani ya stadi. Na kueleza kila kimoja kifanywe vipi hata kikubalike, ndicho kiwango cha kazi.

Viwango hivyo haviandikwi na walimu peke yao. Iko njia iliyoanzia Kanada katika miaka ya 1960, ambayo mafundi walio kazini huketishwa pamoja siku kadhaa wakataja majukumu yao na kazi ndogondogo zilizomo, mwongozaji akiziandika kwenye kadi na kuzibandika ukutani. Mimi naiona ni njia ya haki, kwani aliyeshika mwiko huanza kusikilizwa.

Tuchukue mfano wa linta. Haitoshi kuandika kwamba fundi "ajue kumwaga linta". Sharti isemwe kwamba nondo kuu zikae upande wa chini, kwa kuwa huko ndiko zege huvutwa na uzito ulio juu. Kwamba nondo ziinuliwe kidogo zisiguse ubao, ili zege lizifunike na kutu isizile. Kwamba maji yasizidishwe kwa ajili ya kurahisisha kumwaga, maana zege la majimaji hukauka likiwa dhaifu. Na kwamba likishaganda liwekwe katika unyevu kwa siku zisizopungua 7. Nguvu yake kwa kawaida hupimwa likitimiza siku 28. Mambo hayo mjumbe asiye fundi aweza kuyatazama kwa macho yake, tena kabla malipo hayajatoka.

Kuhusu vyeti, naomba makatibu wawe macho. Katika majaribio ya ufundi ya zamani, daraja la I lilikuwa la juu na la III la chini. Katika vyeti vya sasa vya VETA, ngazi ya I ndiyo ya mwanzo na ya III ndiyo ya juu. Asiyelijua hilo atampa mwanafunzi kazi ya bingwa, na bingwa atamlipa ujira wa kibarua.

Lakini mafundi wengi wa vijijini hawana cheti chochote. Walijifunza kwa kubeba karai nyuma ya fundi mkubwa. Kuwakataa kwa sababu hiyo ni dhuluma, na kuwapokea bila kuwapima ni bahati nasibu. VETA inao utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana kazini: fundi hutazamwa akifanya kazi, huhojiwa, hufundishwa pale alipopungukiwa, kisha hupewa cheti. Vyama viwasaidie mafundi wao kuufikia. Na ujenzi ukiwa wa mkandarasi, asajiliwe na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1997. Hapo pasiwe na mjadala.

Kwa hiyo, kabla ya mkutano wetu ujao, kila katibu aandike majina ya mafundi wa eneo lake, na mbele ya kila jina aorodheshe kazi ambazo yeye au mjumbe amemshuhudia akizifanya. Sifa za kusikia zisiandikwe.