Huyo wa Pili Atamkatia Majani Nani?



Nilipoanza utafiti kwenye miteremko ya Kilimanjaro, dodoso langu liliuliza mfugaji angependa kuongeza ng'ombe wangapi. Niliamini kuendelea ni kuongeza. Mama mmoja wa Machame alinisikiliza hadi mwisho, akauliza: "Mwalimu, huyo wa pili atamkatia majani nani?"

Sikuwa na jibu. Mhadhara huu ni jaribio la kumjibu.

Kihamba, yaani shamba la nyumbani la Wachagga, hurithiwa, na kila kizazi hukigawa. Katikati ya migomba na kahawa hakuna malisho, kwa hiyo ng'ombe hukaa bandani na kila anachokula huletwa. Kiangazi majani hukatwa tambarare na kupandishwa mlimani, mara nyingi kichwani kwa mama au binti yake. Ng'ombe anayekamuliwa huweza kunywa lita 60 za maji kwa siku, tena na zaidi, maana maziwa yenyewe ni maji kwa karibu asilimia 87. Pasipo bomba, hizo ni ndoo tatu za lita 20. Mtaalamu anaposema "ongeza mifugo", mama huyu anahesabu ndoo.

Sisi watafiti tunamshangaa pia kwa kumng'ang'ania ng'ombe wa lita chache. Lakini samadi ya ng'ombe huyo ndiyo inayolisha migomba, na migomba ndiyo inayolisha nyumba. Akimuuza, shamba zima linapungua nguvu. Daftari zetu za maziwa hazina safu ya samadi, na kosa hilo ni letu.

Kuhusu mikopo ya kununulia ng'ombe nitasema bila kuzunguka. Ng'ombe huachwa kukamuliwa kwa takriban siku 60 kabla ya kuzaa, ilhali rejesho la benki halina miezi miwili ya mapumziko. Ndiyo sababu wafugaji wengi huusifu mpango wa kopa ng'ombe, lipa ng'ombe: unapewa mtamba, unalipa mtamba, naye anakwenda kwa jirani. Akizaliwa dume, unasubiri uzao mwingine. Deni hilo linafuata mimba, wala halifuati kalenda ya ofisi.

Basi wafugaji wanataka nini? Nimeambiwa maji karibu na banda, mbegu ya uhakika, mhimilishaji anayefika siku ileile ng'ombe anapoonyesha joto, na mnunuzi wa maziwa ya jioni pale ambapo kituo hupokea ya asubuhi tu. Wengi hawakutaja ng'ombe wa pili. Walitaka huyu mmoja ashibe.

Dodoso letu sasa linaanza na swali hili: nani hapa nyumbani hukata majani, na huamka saa ngapi? Anayeulizwa ni mkataji mwenyewe, hata kama mwenye nyumba ndiye aliyetukaribisha.