Kiapo cha Gibeoni

(Muziki wa kipindi unapanda, kisha unashuka taratibu.)

Kama una Biblia karibu, fungua Agano la Kale, kitabu cha Yoshua, sura ya 9. Kama uko barabarani, sikiliza tu, utaisoma ukifika nyumbani.

Leo tunazungumza juu ya ahadi, na nimechagua kisa cha mtu aliyekuwa na kila sababu ya kuvunja ahadi yake. Nimefanya hivyo kwa makusudi. Ahadi inayokuletea faida haina mtihani ndani yake, kila mtu huitimiza. Mtihani upo kwenye ile uliyoingia kwa kudanganywa, ukampa mtu usiyempenda, ikakugharimu, na watu wako mwenyewe wakakununia kwa sababu umekataa kuivunja.

Kisa chenyewe ni hiki. Waisraeli wamevuka mto Yordani. Yeriko imeanguka, mji wa Ai umeteketezwa. Wafalme wa nchi wanajikusanya wapigane. Wenyeji wa mji mmoja, Gibeoni, wanaona vita hawaviwezi, basi watumie akili. Wanawapakia punda wao magunia makuukuu na viriba vya mvinyo vilivyopasuka vikashonwashonwa. Wanavaa nguo zilizochakaa na viatu vya viraka. Mikate waliyobeba imekauka na kuota ukungu. Wanafika kambini Gilgali wakijifanya wametoka nchi ya mbali: tumesikia sifa za Mungu wenu, tumekuja tufanye agano.

Wanaume wa Israeli walishuku kidogo. Wakauliza, je, kama ninyi ni majirani zetu? Lakini ile mikate ya ukungu ikawashawishi. Mwandishi wa kitabu anaeleza bila kuficha kwamba walikiangalia chakula cha wageni wao, ila hawakumwuliza Mungu. Yoshua, kiongozi wao, akafanya amani na wageni hao, na wakuu wa kusanyiko wakaapa kwa jina la Bwana kwamba watawaacha hai.

Siku tatu tu, mambo yakafichuka. Wale wasafiri wa mbali walikuwa watu wa jirani, wenye miji minne: Gibeoni, Kefira, Beerothi na Kiriath-yearimu. Na Gibeoni ni mahali panapojulikana hadi leo, katika kijiji cha el-Jib, kilomita kama 10 kutoka Yerusalemu. Mwaka 1956 mwanaakiolojia Mmarekani, James Pritchard, alianza kuchimba pale, akakuta vishikio vya mitungi vilivyochorwa jina la Gibeoni kwa herufi za Kiebrania cha kale. Mitungi yao tunayo, basi, ingawa ile mikate hatunayo.

(Muziki mfupi.)

Tusimame hapo kidogo, mpendwa msikilizaji. Kwa sheria zetu za leo Yoshua alikuwa na mlango wa kutokea. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, inampa mtu aliyekubali mkataba kwa kulaghaiwa haki ya kuukataa. Wakili yeyote angemwambia, mzee, hapa huna deni. Umati nao ulikuwa upande huohuo. Kusanyiko zima liliwanung'unikia wakuu. Wakuu wakashikilia jambo moja tu: tumeapa kwa jina la Mungu wa Israeli, hatuwezi kuwagusa.

Sisemi kwamba sheria yetu imekosea. Mjane aliyerubuniwa akaweka dole gumba kwenye hati ya kuuza shamba lake, asije mtu akamwambia avumilie kwa ajili ya Gibeoni. Huyo akatafute haki yake mahakamani, na kanisa limsindikize. Kisa cha Yoshua kina uzito mwingine. Aliyedanganywa ndiye mwenye nguvu, na aliyedanganya ndiye mnyonge aliyekuwa akitafuta kuokoa roho yake. Kiapo kikivunjwa, miji minne inakufa. Kikitimizwa, Israeli inapoteza sehemu ya ardhi, na viongozi wanapata aibu ya kuonekana wamechezewa. Aibu hiyo Yoshua aliibeba.

Wagibeoni hawakuachwa hivihivi. Waliwekwa kuwa wakata kuni na wachota maji wa nyumba ya Mungu. Uongo wao ulikuwa na adhabu yake. Lakini uhai wao haukuguswa.

Sasa soma sura ya 10. Wafalme watano wa Waamori, wa Yerusalemu, Hebroni, Yarmuthi, Lakishi na Egloni, wanaizingira Gibeoni kwa hasira, kwa sababu imefanya amani na Israeli. Fikiria nafasi aliyoipata Yoshua! Hahitaji kuvunja kiapo. Anahitaji kuchelewa tu. Angetuma ujumbe kwamba jeshi linajiandaa, vumilieni kidogo, na asubuhi tatizo lingekuwa limekwisha kwa mikono ya watu wengine. Na sisi tunaijua sana njia hii. Husemi hapana, unazungusha tu mpaka mtu achoke. Yoshua alipanda kutoka Gilgali usiku kucha, akafika wakati adui hamtegemei.

Hiyo ndiyo siku ambayo jua lilisimama. Wengi wetu tulihadithiwa habari ya jua hilo tangu shule ya Jumapili, tukiwa wadogo. Nadhani ni wachache walioambiwa kwamba lilisimama katika vita vya kuwatetea waliopata ahadi kwa uongo.

Miaka ikapita. Kwa hesabu inayotolewa katika kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 6, kutoka Yoshua hadi Daudi ni karibu miaka 400. Walioapa walikuwa wamekwisha kuwa mavumbi, na waliodanganya pia. Ndipo Mfalme Sauli akaanza kuwaua Wagibeoni. Sababu yake imeandikwa katika Samweli wa Pili, sura ya 21: alikuwa na bidii kwa ajili ya Israeli na Yuda. Sauli hakujiona msaliti. Alijiona mzalendo, labda hata mcha Mungu kuliko Yoshua, anayesafisha nchi iliyopaswa kusafishwa zamani.

Ikaja njaa ya miaka mitatu katika siku za Mfalme Daudi, aliyetawala baada ya Sauli. Daudi alipouliza, jibu likawa ni damu ya Wagibeoni. Yanayofuata ni magumu kusoma. Wagibeoni walikataa fedha na dhahabu. Wanaume saba wa ukoo wa Sauli walitundikwa, na mama wa wawili kati yao, Rispa, akatandika gunia juu ya mwamba akafukuza ndege na wanyama wasiwaguse maiti, tangu mwanzo wa mavuno ya shayiri hadi mvua iliponyesha. Sitalainisha habari hiyo. Ninachotaka uone ni kwamba kiapo kilichopatikana kwa hila, na watu ambao Waisraeli wengi waliwadharau, bado kilikuwa kinahesabiwa. Na katika sura hiyohiyo Daudi anamwacha Mefiboshethi, mwana wa Yonathani na mjukuu wa Sauli, kwa sababu kulikuwa na kiapo kingine, kati yake na Yonathani.

(Muziki mfupi.)

Najua kuna msikilizaji anayeuliza: je, kila ahadi itimizwe? Na Herode je? Herode alimwahidi binti mcheza ngoma chochote atakachoomba, akaombwa kichwa cha Yohana Mbatizaji, akakitoa ili asivunje kiapo mbele ya wageni wake. Hapo hakuna uaminifu wa kusifiwa. Ahadi ya kutenda dhambi haikufungi, inakudai utubu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, aya ya 2410, inafundisha hivyohivyo: ahadi na mikataba ishikwe kadiri yale tuliyokubaliana yalivyo ya haki. Yoshua alishika kiapo, watu wakaishi. Herode alishika kiapo, mtu akafa. Kwa hiyo kijana uliyemwahidi rafiki yako kwamba utamfichia wizi wake, huna kiapo cha kulinda.

Na Yesu, katika Mathayo sura ya 5, alikwenda mbali zaidi. Watu wa wakati wake walikuwa na ngazi za viapo: huyu anaapa kwa mbingu, huyu kwa Yerusalemu, yule kwa kichwa chake, na kila ngazi ikawa na mwanya wake wa kukwepea. Yesu akazifuta zote. Ndiyo yako itoshe, na siyo yako itoshe. Sisi tuna ngazi zetu. Mtu akisema "nitakulipa Ijumaa" hatumwamini. Akisema "haki ya Mungu nitakulipa Ijumaa" tunamwamini nusu. Akigusa ulimi na kuinua kidole juu, ndiyo tunaanza kuandaa mfuko. Tumefika mahali pabaya.

Lakini nirudi kwa Sauli, maana huyo ndiye ananisumbua. Wengi wetu hatuvunji maneno yetu kwa ukatili. Tunayavunja kwa bidii, kwa jambo jema lililojitokeza. Na mahali ninapoliona hili waziwazi ni ndani ya makanisa yetu. Kamati ya ujenzi inamwita fundi mwashi, wanakubaliana bei, anapewa malipo ya awali, anapandisha kuta. Paa likifika, fedha zimekwisha. Fundi akiuliza anaambiwa: ndugu, hii ni kazi ya Mungu, baraka zako ziko mbinguni. Jumapili inayofuata kuna harambee ya kununua vyombo vya muziki. Fundi yule ana vibarua wake waliochanganya zege kwa mikono, nao wana watoto wanaodaiwa michango shuleni. Nabii Yeremia, sura ya 22, anamtangazia ole mtu anayejenga nyumba yake kwa kumtumikisha jirani bila ujira. Wala hakutenga nyumba zenye msalaba juu ya paa.

Mwenye vipaza sauti vya kukodi kwa ajili ya mkutano wa injili, mama aliyepika chakula cha semina, dereva aliyewabeba wanakwaya kwenda na kurudi: wote hawa wamewahi kuambiwa "kazi ya Mungu" mahali palipotakiwa kuwa na fedha. Tena wengi wao si waumini wa kanisa hilo. Hivyo ndivyo wanavyomjua Kristo tunayemhubiri.

Ziko na nyingine, hizi ninazipita haraka. Ahadi ya mchango wa harusi, uliyoitamka kwa sauti kubwa kikaoni mbele ya wakwe, kisha mweka hazina wa kamati akipiga simu hupokei. Mchezo wa kupeana fedha mtaani, ambapo aliyepokea wa kwanza ndiye anayekuwa mgumu kuchangia wa mwisho. Na dada wa kazi aliyeahidiwa kupelekwa ushonaji baada ya mwaka, na mwaka umepita, na hakuna anayelitaja, kwa sababu yeye hana wa kumpigia simu. Huyo ndiye Mgibeoni wa nyumbani kwako. Mchango wa harusi utadaiwa na kamati nzima. Ahadi ya dada wa kazi haidaiwi na mtu.

Kuna kushindwa kwa kweli pia. Mvua inakataa, biashara inaungua, mtoto analazwa hospitali. Paulo mwenyewe alibadilisha safari yake ya Korintho, na waumini wakamwona kigeugeu. Katika barua ya Pili kwa Wakorintho, sura ya 1, hakukaa kimya, alieleza kilichotokea na sababu yake. Mithali sura ya 6 nayo inamshauri aliyejitia katika udhamini asilale usingizi: aende, anyenyekee, amsihi jirani yake. Maana yake, nenda wewe kabla hujafuatwa. Mwambie mtu wako: nilisema laki tatu mwezi huu, nina laki moja, chukua hii, na iliyobaki tupange. Deni litakuwa palepale, lakini neno lako halijafa. Anayezima simu amekwisha kulizika.

Na usimsingizie Mungu. Yakobo, katika barua yake, alitufundisha kusema "Bwana akipenda" ili tukumbuke kwamba kesho si mali yetu. Siku hizi mtu akisema "Mungu akipenda nitakuja", mwenyeji anajua hata chai asimwekee.

Nina ombi kwa wenyeviti na waweka hazina wa kamati za makanisa mnaonisikia. Kikao kijacho, kabla ya kupanga harambee mpya, isomwe kwanza orodha ya watu ambao kanisa linawadai uvumilivu: fundi, mpishi, dereva. Wenye fedha zao walipwe. Zikipungua, waitwe waelezwe, na ipangwe tarehe. Wiki ijayo, saa hizihizi, tutafungua Yeremia sura ya 34, habari ya watu wa Yerusalemu waliowaachia huru watumwa wao kwa agano, halafu wakawarudisha utumwani. Isome kabla ya kipindi.

(Muziki wa kufungia.)