Vijana Wetu na Usaili wa Vyuo vya Sanaa
Hotuba ya Kamati ya Elimu na Fedha katika mkutano wa mwaka wa kuchangia



Ratiba inasema tunasoma taarifa ya fedha. Taarifa mnayo mikononi, imekaguliwa, na hesabu zake zinafunga. Tunaomba muda wetu tuutumie kwa mstari mmoja tu wa taarifa hiyo, ulio chini ya fungu la dharura: "Usaili, Bagamoyo: 460,000." Tulipousoma kwenye kikao cha robo mwaka, mzee wetu mmoja alinyoosha mkono akauliza nani amefariki Bagamoyo, kwa kuwa fungu la dharura kwetu sote tunajua ni la misiba na wagonjwa. Ukumbi mzima ulicheka. Sisi tuliouandika tulicheka kidogo tu, maana tuliuweka pale kwa kukosa mahali pengine pa kuuweka.

Hakuna aliyefariki. Ni binti wa kwetu, wa upande wa Kahama, aliyetaka kusomea sanaa za maonyesho: kuimba, kucheza na kuigiza jukwaani. Lakini kabla ya habari zake lazima tuseme ya kijana aliyemtangulia, kwa sababu kwa huyo ndipo tulipoanza kukosea.

Kijana huyo alitoka Kishapu. Alimaliza kidato cha nne akiwa na ufaulu wa masomo manne, siyo alama za kujivunia, lakini zinatosha kuombea astashahada. Baba yake mdogo ni manju wa kundi la bugobogobo, na yeye amekua akirusha jembe juu na kulidaka tangu akiwa darasa la nne. Familia iliuza mbuzi wawili akaja usaili. Sisi mchango wetu ulikuwa chumba cha kulala Dar es Salaam na chai ya asubuhi. Hatukumuuliza anakwenda kuonyesha nini. Wahasibu tulidhani hayo ni mambo ya wasanii wenyewe.

Alichoonyesha ni wimbo wa bongofleva, akifuatisha muziki uliotoka kwenye simu. Simu ikazima katikati. Akaendelea kidogo bila muziki, sauti ikatafuta njia ikaikosa. Mmoja wa waliokuwa wakisaili akamuuliza kwa upole, "Kwenu mnacheza ngoma gani?" Akajibu, "Kwetu hatuna kitu." Alituambia mwenyewe jioni ile. Tulipomuuliza kwa nini hakucheza bugobogobo, alitutazama kama tumemtania. Alisema ngoma ya majembe ni ya shambani, na mtu hawezi kwenda chuoni na ya shambani.

Ndugu wanachama, huko chuoni wanaifundisha. Mtoto wa Tanga au wa Mtwara akifika Bagamoyo anafundishwa bugobogobo ya Wasukuma, kiuno kwa kiuno na jembe mkononi, na anapewa maksi. Wa kwetu alikuja nayo damuni akaificha.

Yafaa tukijue chuo hiki kilivyoanza. Mwaka 1963, muda mfupi baada ya Uhuru, Serikali iliunda kikundi cha taifa cha ngoma, wakakusanywa wachezaji kutoka makabila mbalimbali. Baadaye vikaja vikundi vya taifa vya sarakasi na maigizo. Vikundi hivyo vilipovunjwa, mwaka 1981 kikaanzishwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, na baadhi ya wasanii wale wakawa walimu. Marehemu Hukwe Zawose, yule Mgogo wa zeze na marimba aliyejulikana hadi Ulaya, alikuwa miongoni mwa waliofundisha pale. Tangu 2007 kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa. Mnaokumbuka usiku wa TOT ya marehemu Kapteni John Komba, au Muungano ya Norbert Chenga, ambapo kiingilio kimoja kilikupa kwaya, ngoma, kichekesho na igizo, mnajua tunazungumzia kazi ya namna gani.

Sasa usaili wenyewe. Tumeuliza waliopitia, na tumekwenda kukaa nje ya mlango. Mwombaji anaweza kuambiwa aimbe bila ala yoyote. Anapigiwa mapigo ya ngoma arudishe kwa makofi jinsi alivyosikia. Anaonyeshwa hatua chache afuate. Halafu anaambiwa, kwa mfano, wewe ni mama umepokea habari mbaya, tuonyeshe, na hapo hapo anapaswa kuanza, bila karatasi. Mwisho anaulizwa kwa nini anataka kusoma fani hii, na jibu la "napenda kuwa maarufu" halimsaidii. Kwa kifupi, wanatafuta mtu anayesikia, anayekumbuka kwa mwili, na asiyeona haya kufundishwa mbele za watu.

Tukipima hayo, ni nani aliyeandaliwa kuliko mtoto aliyelelewa kwenye mashindano yetu? Wazee hapa mnayajua kuliko sisi. Baada ya mavuno, Bagika na Bagalu wanapiga ngoma uwanja mmoja, wakati mmoja, kila kundi upande wake. Watazamaji wako huru kuhama. Kundi lenye watu wengi limeshinda. Manju akiishiwa wimbo saa tisa alasiri, anaona kwa macho yake watu wakimgeukia mpinzani. Mtoto aliyesimama katika mstari ule, vumbi usoni, hawezi kutishwa na meza ya watu watatu wenye kalamu. Kinachomtisha ni kwamba hakuna aliyemwambia kuwa kile alichokifanya kule ndicho wanachokiuliza hapa.

Hili la pesa kutangulia kipaji haliko Usukuma peke yake. Marekani, ambako tamthilia za nyimbo ni biashara kubwa, vyuo vingi hukutana New York, Chicago na Los Angeles mwanzoni mwa mwaka kusaili vijana, na kabla ya hapo vingi vinataka video kwanza. Mtoto ana dakika chache: vipande viwili vya nyimbo, maneno ya mhusika mmoja, na hatua za dansi. Nyuma ya dakika hizo mzazi amelipa mwalimu wa sauti, mwalimu wa dansi, tiketi ya ndege na hoteli. Sisi tunauza mbuzi. Tofauti ni kwamba mzazi wa kule anajua analipia nini.

Turudi kwa binti wa Kahama. Safari hii tulijitahidi. Tulimtafuta mwalimu aliyesoma muziki Chuo cha Ualimu Butimba, pale Mwanza, akakaa naye Jumamosi sita. Alimwachia nyimbo za wigashe za bibi yake, zile za kuimbwa mmekaa, akamfundisha kusimama, kupumua na kutazama watu. Baba yake alikataa katakata. Mtoto wa kike, Bagamoyo, kucheza? Mama yake hakubishana. Alisema tu kwamba atamsindikiza yeye mwenyewe, na kama kuna ubaya atauona kwa macho yake.

Zile 460,000 ndizo hizi. Nauli ya basi, watu wawili, kwenda na kurudi, 240,000. Walishuka Chalinze wakapitia Msata kwenda Bagamoyo badala ya kufika Dar na kurudi nyuma, na usafiri huo kwenda na kurudi ulikuwa 40,000. Vyumba viwili kwa siku mbili, 100,000. Kwa nini viwili? Kwa sababu binti alitaka kufanya mazoezi usiku na mama alitaka kulala. Chakula 80,000. Stakabadhi zote zipo, isipokuwa ya mama lishe wa Chalinze ambaye hatoi risiti, na mkaguzi ametusamehe.

Binti aliimba wigashe. Mama alikuwa nje ya mlango, na anasema ndani palikuwa kimya mpaka akaogopa. Alichaguliwa.

Hapa ndipo tunapotaka mtusikilize, kwa sababu kosa ni letu na tunalisema mbele yenu. Binti alileta barua ya kuchaguliwa pamoja na maombi ya ada. Sisi, kamati hii hii, tulimkatalia. Katiba ya chama inaorodhesha fani zinazosaidiwa: afya, ualimu, uhandisi, sheria, biashara na kilimo. Sanaa haimo. Tulimwandikia barua nzuri yenye mhuri, tukampongeza, tukamwambia kanuni haziruhusu. Yaani tulilipa nauli ya mtu kwenda kubisha hodi, mlango ulipofunguliwa tukamwambia asiingie.

Wala hakuwa na pengine pa kwenda. Bodi ya Mikopo kwa miaka mingi ilikopesha hasa wa shahada. Mikopo ya stashahada ilipoanza mwaka wa masomo 2023/24 ilianzia fani za kipaumbele kama afya, ualimu wa sayansi, usafirishaji, nishati, kilimo na madini. Madini yalikuwamo, na sisi wa Geita na Kahama tunashukuru. Ngoma haikuwamo.

Aliokolewa na nani? Shangazi zake watatu wanaouza mchele Kahama, na, hili lilitushangaza, baba yake. Aliuza ng'ombe. Hakusema kwamba amekubali. Alisema hataki watu waseme binti yake ameshindwa kwa sababu ya ada. Alifika chuoni wiki tatu baada ya masomo kuanza. Yupo, anasoma. Barua yetu yenye mhuri tunaambiwa ameihifadhi, na hatujapata ujasiri wa kumuuliza kwa nini.

Yule kijana wa Kishapu tulimtafuta. Tulitaka ajaribu tena, safari hii na jembe. Tukaambiwa yuko Nyarugusu kwenye machimbo. Hatusemi uchimbaji ni kazi mbaya, nusu ya michango ya chama hiki imetoka kwa watu wa dhahabu na wengine mmo humu ndani. Tulimpigia, akapokea mara moja, akasema ana shimo na wenzake na hawezi kuliacha msimu huu. Baadaye namba haikupatikana tena. Mwenye kumfahamu atuone.

Wapo wanaouliza kazi iko wapi. Swali ni halali, na sisi ndio watu wa kuuliza maswali hayo. Jibu letu si la kukuhakikishia mshahara. Wahitimu wapo shuleni wakifundisha, wapo kwenye halmashauri kama maafisa utamaduni, wapo redioni na kwenye filamu, na wengine hawana kazi, kama walivyo baadhi ya wahasibu tunaowajua. Anayetaka shahada anaweza kwenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kusoma sanaa za maonyesho au muziki, au Makumira, Arusha, kwa muziki, akiwa na sifa za kidato cha sita au stashahada nzuri.

Tunaomba mambo mawili. La kwanza halina gharama: leo mchana, kwenye ajenda ya marekebisho ya katiba, mpige kura sanaa iongezwe kwenye ibara ya fani zinazosaidiwa. Tunajua kuna wasioafiki. Wazungumze, tusikie.

La pili ni fungu jipya lenye jina lake, Fungu la Usaili, ili mstari huu usikae tena pamoja na majeneza. Lengo ni watoto kumi mwaka ujao. Kwa hesabu ya binti wa Kahama ni 4,600,000, lakini tukiwasafirisha watatu watatu na msindikizaji mmoja, gharama itashuka, na kitakachobaki kitamlipa yule mwalimu wa Jumamosi, ambaye mpaka leo hajapokea hata senti. Hatutalipia wimbo wa kwenye simu. Kila mtoto atasikilizwa kwanza nyumbani, na wazee wa ngoma wa kata yake, kabla ya tiketi kukatwa. Wazee hao watalipwa posho ya soda, na hiyo pia itaandikwa.

Ada ya mwaka wa pili ya binti wa Kahama inadaiwa mwezi wa kumi. Kura ikipita, maombi yake yatakuwa ya kwanza mezani.

Fomu za ahadi ziko mlangoni, meza ya kushoto, kwa akina mama wenye vitenge vya kijani. Anayetoa taslimu asiondoke mezani kabla hajaandikiwa stakabadhi. Anayeahidi aandike tarehe anayoiweza, siyo anayoitamani.