Nani Anakaa na Mgonjwa?



Kule Oregon, Marekani, tangu 1997 sheria yamruhusu mtu mzima ambaye madaktari wawili wamethibitisha hatarajiwi kuishi zaidi ya miezi 6, kuomba dawa ya kujimalizia uhai. Wako watu wa kujitolea wanaomwendea, wanamsikiliza, wanamweleza sheria, na wengine hukaa naye hadi mwisho.

Sisi dini yetu imekataza kujiua, na sheria ya Kenya haikuruhusu dawa hiyo. Lakini ripoti za Oregon zaonyesha kwamba wengi hawataji maumivu kwanza. Wanataja kupoteza uwezo wa kujiamulia, raha ya maisha na heshima yao.

Je, mgonjwa wa mtaani kwetu? Tukimwambia "haramu" kisha tukaenda zetu, tumemsaidia nini? Maumivu yana watu wake, kama Nairobi Hospice iliyoanzishwa 1990. Upweke ni kazi yetu sisi. Kumzuru mgonjwa ni haki yake juu yetu.

Ramadhani hii, baada ya tarawehe, mwendee mmoja. Mpelekee uji, mgeuze kitandani, umsikilize. Na Idi ikipita, usimwache.

Allah atuwafikishe. Amin.