Wakili wa Wakimbizi: Kazi Iliyoanza Mitaani Kwetu

Bismillahi Rahmani Rahim. 

Ndugu zangu katika imani, vijana wa Mji wa Kale huniuliza: wewe wakili, mbona huna kesi za mashamba, umeng'ang'ania wakimbizi? Nitajibu kwa ufupi, maghribi inakaribia.

Mwaka 1991, serikali ya Siad Barre ilipoanguka, vyombo vilifika Mombasa vimejaa watu wa Barawa na visiwa vya Bajuni. Wengi waliwekwa kambini Utange. Sisi watoto tulishangaa: hawa Wasomali mbona twasikizana nao? Kumbe Wabarawa wana Chimiini chao na Wabajuni Kibajuni chao, vyote jamaa wa Kiswahili.

Lugha iliyowapa ujirani hapa ikawaponza Ulaya. Mtu afika Uingereza, asema yeye ni Mbajuni wa Somalia, aambiwa: wasema Kiswahili, basi wewe Mkenya. Wengine walihojiwa kwa simu, sauti zikapimwa na kampuni ya Sweden. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilisema ripoti hizo zisimezwe nzima nzima, jaji azipime pamoja na ushahidi mwingine. Sasa nani atakayemweleza jaji kwamba Kibajuni chasemwa Chula, Somalia, kama kisemwavyo Faza kwetu? Si nyinyi?

Wajua, kazi hii si ya kizungu. Ja'far bin Abi Talib (r.a.) alisimama mbele ya Najashi, na wajumbe wa Makuraishi wameshatanguliza zawadi ili Waislamu warudishwe. Najashi alikataa kuwatoa kabla hajawasikiliza. Mkimbizi yeyote hataki zaidi ya hilo: asikilizwe kwanza.

Kenya ilipata Sheria ya Wakimbizi mwaka 2006. Iliyopo sasa ni ya 2021. Mwaka 2013 serikali ilipotaka kuwahamishia kambini wakimbizi wa mijini, Kituo cha Sheria kilikwenda Mahakama Kuu na amri ikafutwa. Mawakili wachache tu, na maelfu wakabaki majumbani mwao!

Njia ni ndefu kidogo: shahada ya sheria miaka 4, Kenya School of Law, na miezi 6 chini ya wakili mzoefu. Wazazi, mabinti pia wanaiweza. Mama mkimbizi humfungulia moyo mwanamke mwenziwe.

Nanyi wazee mliowapokea watu wa 1991, waiteni wajukuu waandike: nani alifika, kwa chombo gani, kutoka kisiwa gani. Kuna kesi zingali zasubiri maneno hayo.

Wabillahi tawfiq.